Kuongeza miaka ya fleti London: nimelipa mawakili wawili, mmoja si wangu

Nyota tatu kati ya tano. Nyingi ni za mthamini. Wakili wangu nitamfikia.

Fleti yetu ipo London mashariki, vyumba viwili, juu ya duka la kuku wa kukaanga. Tulipoinunua tulijua ina mkataba wa pango wa miaka 99 ulioanza Septemba 2005, na hatukushtuka. Mtu wa Dar akisikia 99 anawaza hati za kwetu, za miaka 33, 66 au 99: ardhi ni ya umma, kodi ya ardhi unailipa serikalini, maisha yanaendelea. Huku mwenye ardhi anaweza kuwa kampuni ambayo hujawahi kuona hata mlango wake. Sisi tulikuwa tunailipa pauni 250 kwa mwaka, na miaka ikiisha nyumba ni yao.

Shemeji yangu wa Leicester ndiye aliyetuamsha, Machi 2024. "Shem, imebaki mingapi?" Nikahesabu: 80 na miezi sita. Akasema, "Basi umebakiwa na miezi sita, si miaka."

Maana yake ni hii. Mkataba ukishuka chini ya miaka 80, ukitaka kuongeza miaka mwenye ardhi anadai pia nusu ya thamani itakayoongezeka fleti ikipata miaka mipya. Wenyewe wanaiita thamani ya ndoa. Ndoa gani hiyo, mahari unatoa wewe na bibi harusi anabaki kwao! Sheria mpya iliyopitishwa Mei 2024 inaifuta, tena inatoa miaka 990, lakini kupitishwa ni kitu kimoja na kuanza kutumika ni kingine. Hatukuthubutu kungoja.

Kabla hatujafanya lolote tuliwaandikia wenye ardhi kwa upole. Wakajibu haraka, barua nzuri kabisa: pauni 6,500, mkataba urudi miaka 125, na ile 250 ya kila mwaka iendelee kwa miaka yote 80 iliyobaki. Mke wangu alishashika kalamu. Mthamini tuliyemlipa pauni 780 pamoja na VAT alitukalisha mezani na kikokotoo: 250 mara 80 ni pauni 20,000. Kalamu ikarudi mfukoni. Kwa hapo tu, hela yake niliiona halali.

Njia aliyotuelekeza ni ya sheria ya 1993, inayompa mwenye fleti haki ya kuongezewa miaka. Unapeleka notisi ya kifungu cha 42 ukitaja bei yako. Ukifaulu unaongezewa miaka 90 juu ya iliyobaki, na kodi ya ardhi inageuka kuwa punje ya pilipili manga. Sitanii, ndivyo mawakili wanavyoandika, yaani sifuri. Nilipomsimulia mama kwenye simu aliuliza kama hiyo punje anitumie kutoka Tanga.

Notisi yetu ilitoka Aprili kwa pauni 7,000. Wakadai amana ya asilimia 10, pauni 700, tukatoa. Majibu yao yakaja katikati ya Juni: wanataka 14,500. Tangu siku ile mna miezi sita ya kukubaliana au kufungua shauri kwenye baraza la mali. Mkizembea, notisi inahesabiwa imeondolewa, na unakaa miezi 12 bila ruhusa ya kupeleka nyingine. Sisi miezi 12 tungeamkia kwenye 78 na miezi.

Hapa ndipo wakili wangu alipopoteza nyota zake. Oktoba yote kimya. Novemba napiga simu, msaidizi wake ananiambia faili "lipo mezani". Nikauliza tarehe ya mwisho ni ipi, akaomba dakika mbili aitafute. Mimi nilikuwa nimeibandika kwenye friji! Ikabidi mthamini mwenyewe ampigie mwenzake wa upande wa pili, na ndani ya wiki mbili wakakutana kwenye pauni 9,200.

Halafu ikaja bili. Wengi hawajui kwamba kwa sheria hii anayeomba miaka ndiye anayelipa wakili na mthamini wa mwenye ardhi. Mthamini wao pauni 900. Wakili wao 2,520. Nilitaka kulipa yaishe, lakini nikaomba mchanganuo, na kwa haki yake niseme wakili wangu safari hii aliamka. Alichukua kalamu nyekundu. Kifungu cha 60 kinawaruhusu kudai gharama za kuchunguza haki yako, za uthamini, na za kuandika mkataba mpya, tena kwa kiasi ambacho mteja wao angekubali kulipa kutoka mfukoni mwake. Mabishano ya bei hayamo. Kwenye mchanganuo kulikuwa na mstari "mawasiliano kuhusu bei, saa 2", na chini yake barua pepe kumi na moja au kumi na mbili, kila moja na dakika zake. Akakata, akawaandikia kwamba wasiporidhika baraza litaamua. Walishuka hadi 1,560. Ukikubaliana nao kirafiki tu bila kupitia sheria hii, kama kwa ile barua nzuri ya mwanzo, ulinzi huu huna. Gharama watakazokutajia ndizo hizo.

Wakili wangu alichukua 1,380. Jumlisha watu wote wanne: pauni 4,620, nusu ya bei yenyewe na chenji juu, mbali na ada ndogo ya usajili wa ardhi. Tulisaini Januari 2025. Mkataba sasa unafika 2194.

Mthamini nimeshamwelekeza kwa jirani wa ghorofa ya juu. Wakili, ukimpata wa aina ya wangu, nenda naye, ila tarehe ya miezi sita bandika kwenye friji yako mwenyewe.