Gari ya nguvu hapa Malindi: manyuali au oto? Nimezipanga kuanzia namba moja

Wengi wanaotafuta gari ya nguvu hapa kwetu, yaani Subaru ya tabo, Evo ya Mitsubishi, Golf GTI, Mark X au BMW, huuliza injini kwanza, halafu rimu, halafu rangi, na giaboksi wanaipokea vile ilivyokuja, iwe manyuali ya kubadilisha gia mwenyewe kwa klachi au oto inayojibadilishia. Mimi nakwambia anza na giaboksi. Injini fundi wa kuifungua utampata hapa hapa Malindi, lakini giaboksi ya kisasa ikigoma ukiwa Ngala au Casuarina basi jitayarishe kuipandisha gari kwenye lori mpaka Mombasa, kilomita 120 hivi, na ukifika huko ndo uanze kutafuta nani ana kompyuta ya kuisoma. Kwa hivo hapa nimezipanga kwa kuangalia nani ataitengeneza, joto letu, matuta yetu na foleni ya Mtwapa, halafu mbio zikaja baadaye.

Na hilo la mbio tulimalize mapema. Kwenye sekunde tupu oto nzuri imeshashinda. Porsche 911 GT3 ya 2021 inafika kasi ya kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 3.4 ikiwa na PDK, yaani oto yao ya klachi mbili, ikiwa manyuali ni 3.9, na hizo ni namba za Porsche wenyewe. Nissan GT-R R35 tangu itoke 2007 haijawahi kuuzwa na manyuali hata moja. Lakini si kila oto iko hivo, Toyota 86 ya 2012 manyuali yake ilikuwa sekunde 7.6 na oto 8.2, kwa hivo mtu akikwambia oto ndo inakimbia muulize oto gani. Halafu hiyo nusu sekunde uiweke kwenye barabara yetu: mjini mwisho ni 50, ukitoka Malindi kwenda Mombasa kuna Gede, Matsangoni, Kilifi, kila kituo na matuta yake, na tuktuk zinaingia barabarani kutoka kila upande. Sioni pa kuitumia.

Namba 1: manyuali ya gia 6

Naiweka juu na siombi radhi. Sababu ya kwanza ni fundi. Manyuali ikichoka, mara nyingi kilichokwisha ni klachi, yaani pleti, presha na baringi yake, na kazi hiyo fundi yeyote aliyezoea matatu na Probox anaijua, gari inainuliwa, giaboksi inashushwa, jioni au kesho yake umeondoka. Haitaki kompyuta, haitaki kusubiri kipuri kitoke Ujerumani. Betri ikifa ufukweni, vijana wawili watatu wanakusukuma, gia ya pili, gari imewaka, oto huwezi kabisa.

Sababu ya pili ni raha, na mimi raha naihesabu kama kitu cha maana, manake gari ya nguvu hainunuliwi kwa kubebea magunia. Ukipita ule upande wa msitu wa Arabuko Sokoke, mbele yako lori la chumvi kutoka Gongoni, ukiangalia barabara iko wazi unashusha kutoka gia ya tano hadi ya tatu, mguu unaachia klachi taratibu huku mwengine unaongeza mafuta kidogo ili injini ipande kabla ya klachi kushika, unasikia tabo inavuta, ushalipita lori na gari haijashtuka. Hakuna mtambo uliokuamulia. Watu wa Porsche walilijua hili kwa nguvu ya wateja, 2013 walitoa GT3 ya PDK peke yake, wenye kupenda gari wakalalamika, na 2017 manyuali ikarudishwa.

Sasa, manyuali nazo hazilingani, na hapa ndo wengi wanaliwa. Subaru WRX ya kawaida ya zamani na Forester XT nyingi za manyuali zina giaboksi ya gia 5, na hiyo ikifungwa kwenye injini iliyoongezwa nguvu meno hukatika, hasa gia ya tatu. Ile ya STI, yaani WRX yenye nguvu zaidi, ya gia 6 ni chuma chengine kabisa, inavumilia. Kuitambua ni rahisi, chini ya kirungu cha gia kuna pete unayoiinua kwa vidole ndo rivasi iingie. Ukiambiwa hii ni STI halafu ina gia 5 wakati ni ile ya macho mviringo, yaani taa za mbele za duara, au iliyofuata, hiyo ni WRX iliyobandikwa nembo. Golf GTI manyuali nayo ni nzuri, ila flaiwili yake, lile gurudumu zito kati ya injini na klachi, ni ya vipande viwili na ikianza kugonga gari ikiwa imesimama bei yake si ya kuchezea, uliza kabla.

Kinachoiangusha manyuali ni foleni na mchanga. Mtwapa jioni ukikaa foleni ndefu na klachi nzito ya STI, mguu wa kushoto utakuuma kweli. Na ukiingia mchanga wa Mambrui ukawa unachezea klachi nusu nusu, utainusa inaungua, harufu kali, na pleti yaweza kwisha siku hiyo hiyo.

Namba 2: oto ya kawaida yenye konveta, gia 6 au 8

Kama gari si yako peke yako, mama watoto naye anaendesha, mdogo wako naye anaazima, hii ndo yako na wala usione haya. Hapa kati ya injini na giaboksi kuna konveta, nguvu inapitishwa na mafuta yanayozunguka ndani yake, kwa hivo ukitambaa kwenye foleni au ukivuka tuta hakuna pleti inayosuguana kikavu. Kwenye mchanga pia yaenda vizuri kuliko zote.

Toyota Mark X imejaa Kenya nzima na ndo mfano wa karibu, gia 6, na ile ya injini ya 3.5 ya Japani ina nguvu ya farasi 318, giaboksi haisumbui ukiibadilishia mafuta. Kwa upande wa BMW ile ya gia 8 ya ZF, kampuni ya Ujerumani inayounda giaboksi, iliyoanza 2009 mimi naiheshimu sana, inabadilisha haraka mpaka BMW wenyewe wakaachana na klachi mbili kwenye M5, gari yao ya nguvu, mwaka 2017 wakaitia hii, na M3 ikafuata baadaye. Utaambiwa mafuta yake hayabadilishwi maisha. Usikubali. ZF wenyewe waliounda wanasema kila kilomita 80,000 hadi 120,000, na kwa joto letu mimi ningeshika hiyo ya chini.

Forester XT za zamani za gia 4 pia ziko humu. Si nyepesi kubadilisha, lakini ngumu, na bei yake inafikika. Angalizo moja tu, hizi ni za kuvuta magurudumu yote, tairi nne lazima zilingane. Ukitia mbili mpya na mbili kipara, klachi ya ndani inayogawa nguvu nyuma inateseka, utaona gari inakwama kwama ukikata kona kali kwenye maegesho.

Namba 3: klachi mbili za kuoga mafuta

Hapa ndo DSG ya Golf GTI, jina la Volkswagen la oto ya klachi mbili, na ile SST ya Evo X, jina la Mitsubishi. Ufundi wake ni mzuri mno: klachi moja imeshika gia za 1, 3 na 5, ya pili imeshika 2, 4 na 6, ukiwa kwenye ya tatu ya nne imeshaingizwa inangoja, kubadilisha ni kuachia hii na kushika ile. Volkswagen waliitoa 2003 kwenye Golf R32 na mtu akiionja mara ya kwanza lazima acheke kwa raha.

Mbona basi namba 3? Foleni na fundi. Haina konveta, kwa hivo ukitambaa ni klachi inayoteleza kidogo kidogo, ndani ya mafuta sawa, lakini kwa joto la kaskazi na foleni ya saa nzima mafuta hayo yanapika. Hii ya gia 6 yataka mafuta na filta kila kilomita 60,000, yale yake hasa, si mafuta ya oto yoyote yaliyo kwenye rafu. Bila risiti ya kazi hiyo mimi singenunua, hata gari iwe safi vipi. Na mekatroniki yake, yaani ubongo na vali, ikiharibika hapa Malindi hakuna wa kuifungua ukalala usingizi.

Namba 4: CVT

Ukweli ni kwamba anayeagiza Subaru ya tabo kutoka Japani saa hizi karibu lazima apate hii. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lililozidi miaka 8. Evo iliacha kuundwa tangu 2016, STI ya Japani ilikoma mwishoni mwa 2019, na WRX S4 na Levorg, Subaru za tabo za sasa, zimeuzwa huko na CVT peke yake. Ndo maana manyuali nyingi utazipata kwa mtu aliyenayo tayari hapa nchini.

CVT haina gia, ni cheni inayopanda na kushuka kati ya puli mbili. Mwendo mrefu iko poa na mafuta inakula kidogo. Lakini ukiikanyaga kwa nguvu mara kwa mara inapata moto, na ikiisha watu hubadilisha nzima. Ichukue ukiwa unapenda sura na usalama wa gari, usiichukue kwa mbio.

Namba 5: DSG kavu ya gia 7

Hii naitaja manake watu wanauziwa Golf ya 1.4 wakiambiwa ni DSG ile ile ya GTI. Si ile. Klachi zake ni kavu, na 2013 Volkswagen waliita magari kama milioni 1.6 ya giaboksi hii duniani kubadilishiwa mafuta, kwa sababu yale ya kwanza yalileta hitilafu ya umeme hasa kwenye nchi zenye joto na unyevu. Joto na unyevu ndo Malindi yenyewe. Iache.

Ukienda kuiangalia

Mwambie mwenyewe asiiwashe kabla hujafika. Weka kiganja juu ya boneti, ikiwa na moto muulize kwa nini. Oto ikiwa na kijiti cha mafuta, kichomoe ukifute kwenye tishu nyeupe: wekundu wa kung'aa ni mzuri, kahawia nyeusi yenye harufu ya kuungua inakuambia yote. Kanyaga breki, toa P weka R, halafu D, hesabu kimya kimya, ikichelewa halafu ikapiga kishindo kuna kazi ndani. DSG ivushe matuta pole pole, ikitetemeka ikitoka gia ya pili kwenda ya kwanza, klachi zimechoka.

Manyuali, tafuta barabara wazi, uwe kwenye gia ya nne kasi ya 50, kanyaga mafuta yote mara moja. Sindano ya injini ikiruka juu na gari haiongezi mwendo, klachi imekwisha, kata bei yake hapo hapo. Kisha panda na ushuke gia zote injini ikiwa bado haijapata moto vizuri, ikikwaruza kuingia ya tatu ni sinkro, ile pete inayolinganisha kasi gia ikiingia, imechoka. Halafu lala chini uangalie soketi za waya za giaboksi, manake gari zilizolala karibu na bahari chumvi huanzia hapo, utaona unga wa kijani kwenye shaba kabla hata taa ya injini haijawaka.