Vyombo vya Nyumba kutoka Kilimani hadi Leeds: Tathmini ya Kampuni Tuliyoitumia

Mdogo wangu ni muuguzi, na alipopata kazi Leeds, nchini Uingereza, alitangulia yeye na wanawe, akaniachia funguo za nyumba yake ya Kilimani, Nairobi, pamoja na jukumu la kusafirisha vyombo vyake. Kampuni tuliyoichagua ina ghala katika Barabara ya Mombasa. Sitaitaja jina, kwa kuwa ninayo sifa ya kuipa na ninayo pia lawama, na lawama yenyewe si ndogo.

Tuliomba makadirio ya bei kwa kampuni tatu. Mbili ziliuliza idadi ya vyumba kwa simu, zikatupa bei papo hapo. Ya tatu ilimtuma afisa aliyefungua kila kabati, akaingia hadi stoo, akapima makochi na vitanda kwa futi kamba, kisha akasema kuwa mzigo wetu ulifika mita za ujazo 11. Kontena la futi 20 huchukua takriban mita 33, kwa hiyo hatukuwa na haja ya kulikodi zima. Tungechangia nafasi na wateja wengine. Bei yake ilizizidi zile mbili, nasi tukaikubali, maana anayekadiria mzigo asiouona ndiye atakayedai nyongeza siku lori likiwa limeshasimama mlangoni.

Afisa huyo huyo alituepusha na kosa. Uingereza humsamehe ushuru mtu anayehamia huko na vyombo vyake, mradi awe ameishi nje ya nchi hiyo kwa miezi 12 mfululizo, na vyombo viwe vimekuwa mikononi mwake na kutumika kwa angalau miezi 6. Mdogo wangu alikuwa amenunua cherehani wiki chache kabla ya kuondoka. Afisa aliiona stakabadhi ikiwa bado imebandikwa kwenye boksi, akatueleza kuwa cherehani hiyo haingii katika msamaha, na kwamba kuichanganya na vingine kungeweza kuzua maswali juu ya mzigo mzima. Tuliiacha kwa mama. Mtungi wa gesi, viberiti na mkebe wa rangi iliyobaki aliviondoa pia, kwa kuwa ni vitu vinavyoshika moto.

Siku ya kufunga walikuja wafanyakazi watano, na hapo ndipo nilipoona thamani ya fedha tulizolipa. Sahani zilifungwa moja moja kwa karatasi nyeupe isiyochapishwa kitu, kwa sababu wino wa gazeti huacha madoa, kisha zikapangwa zikiwa zimesimama kwa ukingo wala si kulazwa, kwani sahani iliyolazwa hubebeshwa uzito wa zote zilizo juu yake. Skrubu za kila kitanda zilitiwa katika kifuko na kufungwa kwenye mbao za kitanda hicho hicho. Kioo cha ukutani walikitengenezea kasha la mbao lenye muhuri wa suke la ngano, ambao ni alama ya kimataifa ya kuonyesha kuwa mbao zimetibiwa dhidi ya wadudu. Kwa njia ya joto, mbao huhitaji kupata nyuzi 56 za Selsiasi hadi kiini kwa dakika 30. Kasha lisilo na muhuri huo huweza kuzuiliwa bandarini.

Nilikuwa nimeanza kuwasaidia kufunga bilauri, kiongozi wao akanizuia kwa upole: "Mama, hiyo katoni tuachie sisi. Ukiifunga mwenyewe na kitu kikavunjika ndani, bima haitakulipa." Alisema kweli, nami nililiona jambo hilo kwa macho yangu katika fomu ya bima, ambapo katoni zilizofungwa na mwenye mali huorodheshwa peke yake. Orodha yao ilieleza hata hali ya kila kitu. Mbele ya kabati la vyombo waliandika kuwa lina mkwaruzo kwenye mguu wa nyuma, upande wa kushoto. Nilitia sahihi kila ukurasa baada ya kuusoma, na ninamsihi kila mtu afanye hivyo hata kama wafanyakazi wanamsubiri.

Lawama yangu ina sehemu mbili. Kwanza, waliahidi wiki 7, mzigo ukachukua wiki 12. Mwishoni mwa mwaka 2023 meli nyingi zilianza kuepuka Bahari ya Shamu na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, na hilo si kosa lao. Kosa lao ni kutupa ratiba ya zamani huku wakiijua hali hiyo. Mdogo wangu na watoto walilala kwenye magodoro ya kuazima kwa muda ambao tungeweza kuupangia mapema. Pili, na hili ndilo lililoniuma zaidi, mzigo ulipofika Felixstowe, bandari ya Uingereza, aliletewa ankara ya pauni 340 za kushughulikia kontena bandarini. Makadirio yetu yalisema "hadi mlangoni". Nilipouliza, nilionyeshwa sentensi moja katika ukurasa wa nyuma wa mkataba, kwa maandishi madogo, isemayo kuwa gharama za bandari ya kufikia ni juu ya mteja. Gharama hizo zinafahamika kwa kila aliye katika biashara hii, na mahali pake ni ukurasa wa kwanza, kando ya bei.

Katika katoni 41, kilichoharibika ni bakuli moja la udongo na mlango wa kabati la vyombo, uliopasuka karibu na bawaba. Kwa kuwa orodha ilitaja mkwaruzo wa mguu peke yake, bima haikuwa na la kubishia kuhusu mlango, ikalipa baada ya kupokea picha. Barua yangu kuhusu zile pauni 340 ilijibiwa baada ya siku 19: wamekubali kurudisha nusu. Bado ninadai nusu ya pili.