Chumba cha familia kando ya M40: malori, ngome na faini ya maegesho

Tulilala siku mbili, mimi, mama watoto na wanetu wawili wa miaka 9 na 5, katika hoteli ya bei nafuu karibu na makutano namba 15 ya barabara kuu ya M40, nje kidogo ya mji wa Warwick, Uingereza. Jina silitaji, hoteli hizi za kandokando ya barabara kuu zinafanana kama sare za shule. Nililipa pauni 68 kwa usiku kwa sote wanne, miezi miwili kabla, kwa ile bei ya chini ambayo ukighairi hurudishiwi kitu.

Chumba kilikuwa na kitanda kikubwa, sofa ya kugeuza kitanda, na kijitanda cha kuvuta kilichojificha chini yake. Mashuka masafi, maji ya moto muda wote. Ila vitanda vikishatandikwa, hakuna pa kukanyaga. Kwenda chooni usiku ni kuruka begi, kisha mguu wa mtoto, halafu kupapasa mlango.

Kilichotutesa ni joto. Ilikuwa Julai, kiyoyozi hakuna, na dirisha linafunguka upana wa kiganja tu. Ukilifunga, jasho, ukilifungua, malori ya M40 ni kama yanapita juu ya mto wako wa kulalia. Usiku wa kwanza sikupata hata lepe la usingizi. Asubuhi nikaomba tuhamishwe, na dada wa mapokezi, bila kukunja uso, akatupa chumba cha upande wa nyuma. Bei ileile, na usiku huo tulilala fofofo. Ukishalipia, piga simu uombe upande usiotazama barabara. Usisubiri kufika.

Kifungua kinywa watoto walikula bure kwa kuwa wazazi tumelipia. Yule mkubwa aliitumia haki yake kikamilifu: sahani tatu.

Kutoka hapo hadi Ngome ya Warwick ni dakika chache kwa gari, na hapo ndipo pesa yangu ilipolipa. Tulifika lango halijafunguliwa, mabasi ya watalii hayajaanza kumimina watu. Mfalme William Mshindi wa Uingereza aliamuru ngome ijengwe hapo mwaka 1068, kwanza ya udongo na mbao. Kilima chake bado kipo, na wanangu walikipanda wakikimbizana. Mnara wa Guy ndio uliotutoa jasho: mita 39. Njia ya minarani na juu ya kuta ina ngazi zaidi ya 500, tena ni ya upande mmoja, ukishaanza huwezi kurudi nyuma. Mdogo aligoma katikati. Nikambeba mgongoni, ngazi zenyewe za mzunguko na nyembamba hivi kwamba viatu vyake vilikwaruza ukuta kulia na kushoto.

Sasa maegesho ya hoteli. Ni bure kwa wageni, lakini kamera husoma namba ya gari, na wewe unatakiwa kuiandika kwenye kishikwambi cha mapokezi. Tulifika saa nne usiku, watoto wamelala mabegani, hakuna aliyetuambia. Kishikwambi tulikiona siku ya kuondoka, nyuma ya chombo cha maua. Wiki tatu baadaye faini ikaja kupitia kampuni iliyotukodisha gari, nayo ikanikata ada yake ya kushughulikia barua. Nilituma risiti ya chumba, faini ikafutwa. Ada haijarudi mpaka leo.