Care Compare ya Medicare: nyota usiishie kwazo

Hospitali ilimpa mume wangu orodha ya nyumba za wazee, ikataka achague upesi kwa sababu mama yake alikuwa karibu kuruhusiwa. Majina yote matamu: bustani, vilima, machweo. Mimi ni msaidizi wa wauguzi kwenye nyumba kama hizo hapa Minnesota, majina hayanibabaishi. Nikafungua Care Compare, tovuti ya Medicare (bima ya afya ya serikali kwa wazee) inayolinganisha nyumba za wazee za Marekani nzima.

Ni bure na huhitaji kujisajili. Unaandika mji, orodha inakuja na nyota, moja hadi tano. Nyota ya jumla huanzia kwenye ukaguzi wa afya, kisha hupanda au kushuka kufuatana na wafanyakazi waliopo na vipimo vya ubora. Wakaguzi huja bila taarifa, kwa hiyo hao nawasikiliza. Vipimo vya ubora, mh! Vingi hutokana na fomu ambazo nyumba yenyewe inajaza. Mwanafunzi anayejisahihishia mtihani hafeli. Nikikuta ukaguzi nyota mbili na ubora nyota tano, mimi nafuata zile mbili.

Uhondo uko kwenye ukurasa wa wafanyakazi. Takwimu zake zinatokana na rekodi za mishahara, na tangu 2022 zinaonyesha pia hali ya wikendi na ni wangapi wanaacha kazi. Anza na wikendi. Jumanne asubuhi kila nyumba inapendeza. Njoo Jumapili jioni, wawili wamepiga simu kwamba hawaji, msaidizi mmoja kaachiwa korido nzima. Mzee asiyeweza kujigeuza analala ubavu ule ule tangu chakula cha mchana, nepi imelowa, na kengele anaibonyeza mpaka anachoka. Vidonda vya mgongo na makalio huanza hivyo, wala hahitajiki mtu katili.

Ukiona alama nyekundu ya kiganja, iliyoongezwa 2019, ujue nyumba hiyo ilikutwa na kosa la unyanyasaji. Zilizokuwa nayo nilizipita bila kuuliza bei.

Ripoti za ukaguzi nazo zimo, neno kwa neno. Lugha yake kavu, mkazi hatajwi jina, lakini utasoma nani alianguka akijaribu kwenda chooni peke yake na nani hakupewa dawa. Kila kosa limeonyeshwa kiwango cha madhara. Kasoro yake ni kwamba ukaguzi wa kawaida unaweza kupishana hadi miezi 15, na ndani ya muda huo meneja na nusu ya wauguzi wanaweza kuwa wameshaondoka. Kiswahili hakipo, kwa hiyo mkalishe kijana wa nyumbani akusomee.

Yasiyoandikwa humo, nenda ukayaone kwa macho. Jagi la maji liko mkono unapofika, au limewekwa kule dirishani? Kamba ya kengele iko kitandani au sakafuni? Tazama kucha. Tazama kama sinia la asubuhi bado lipo saa sita mchana na uji haujaguswa, maana kuna mzee anayehitaji kulishwa na sinia likatuliwa tu mbele yake. Na ukishamweka mtu wako, badilisha saa za kumtembelea. Sisi wa ndani tunajua vizuri nani hana mgeni.

Kila jimbo lina ombudsman, yaani mtetezi wa wakazi wa nyumba hizi, huduma yake ni bure, na sheria inataka mawasiliano yake yabandikwe mahali panapoonekana. Ukiingia ukakosa hilo tangazo, muulize msimamizi liko wapi, kisha msikilize anavyojibu.

Tovuti naipa nne kati ya tano. Mama tulimpeleka kwenye nyumba ya nyota tatu yenye takwimu nzuri za wikendi, karibu na kwetu. Ya nyota tano ilikuwa mwendo wa saa nzima kwa gari, na kwa Januari ya Minnesota nisingefika huko kila wiki.