Wakili wa rufaa hapa Portland, Maine: nyota nne, ya tano nimeizuia

Nilipanda ngazi za ofisi hii zikiwa zimebaki siku 11. Barua ya Bodi ya Rufaa za Uhamiaji ya kunikatalia hifadhi ilichelewa kunifikia, na zile siku 30 za kwenda mahakama ya rufaa Boston zinahesabiwa tangu tarehe ya uamuzi, si tangu siku uliyofungua bahasha. Wakili aliuliza tarehe kabla hata sijakaa. Akanieleza kwamba kufungua kesi peke yake hakuzuii wewe kupandishwa ndege; lazima uombe pia amri ya kusimamisha. Akapeleka yote mawili wiki ileile.

Nilimwamini kwa sababu ya neno moja. Kwetu Uvira, Kongo, nikisema "walinifunga", ni kamba au ni jela? Kwenye fomu, mkalimani aliandika kamba. Mbele ya jaji, mkalimani mwingine akasema jela. Jaji akaona mtu anayegeuza maneno. Jamani, ni vyote viwili: kamba usiku, jela asubuhi! Huyu wakili Mmarekani asiyejua hata "habari" alinikalisha saa tatu tukipekua faili mpaka akaikuta ile aya moja ambayo avoka wangu wa zamani aliwaandikia Bodi kuhusu jambo hilo. Bodi haikuijibu. Hapo ndipo alipokamata.

Usiende na ushahidi mpya. Mimi nilibeba barua ya mchungaji kutoka nyumbani, akanirudishia: majaji wa rufaa wanasoma faili lilelile, na wewe mwenyewe husikilizwi. Kinachotafutwa ni kosa la Bodi.

Hoja ya pili ndiyo sikuijua kabisa. Mkataba dhidi ya Mateso wa 1984 hauulizi kabila wala chama. Hapa Marekani swali lake ni kama kuna uwezekano zaidi ya nusu kwamba utateswa na watu wa serikali, au na wengine huku wao wamefumba macho. Kwa hiyo hata asiyeniamini mimi alipaswa kuzipima ripoti za magereza ya Kongo zilizokuwa mle ndani. Bodi ilitupa madai yote kapu moja.

Baada ya miezi 14 mahakama ikairudisha kesi kwa Bodi. Sijapewa hifadhi, ndugu zangu, nimerudishwa kwenye foleni. Mama watoto alipika sombe na ndagala hata hivyo.

Sasa ile nyota. Ada ya mahakama ni dola 600, mbali na malipo ya wakili, na unaweza kuomba usamehewe. Hilo niliambiwa nimeshalipa! Fotokopi nazo wanatoza kwa ukurasa, na faili langu lilikuwa na kurasa 640.

Ukienda, beba barua ya Bodi na bahasha yake. Mkalimani wao wa Kiswahili anakuja Jumatano tu.