Kusajiliwa kuwa na uoni hafifu England: uzoefu wangu

Nawaandikia Waswahili wenzangu wa England ambao glakoma, yaani presha ya macho, imeshawapunguzia kuona na bado hawajajisajili. Huduma hii naisifu, isipokuwa sehemu moja.

Mimi glakoma iliniletea mkwaruzo wa jicho. Glakoma huanza kula pembeni: uso wa mtu aliye mbele yangu nauona vizuri, tawi lililoinama njiani silioni. Tawi hilo likanichubua konea, kile kioo cha mbele cha jicho. Yale maumivu simwombei mtu. Machozi hayakatiki, mwanga unachoma, ukipepesa ni kama mna mchanga ndani.

Kitengo cha dharura cha macho kilinihudumia vizuri sana. Nesi alinitia tone la ganzi, kisha rangi ya chungwa, akamulika taa ya buluu. Palipochubuka pakang'aa kijani. Akapindua ukope wa juu kuangalia kama kuna kibanzi kimejificha. Nikapewa kloramfenikoli, dawa ya kuua bakteria, ya kupaka, bila kufungwa jicho. Niliomba ile ganzi niende nayo nyumbani, akakataa kabisa: ukiitia mara kwa mara konea haiponi, na unaweza kuliharibu jicho bila kusikia chochote. Akasisitiza nirudi upesi maumivu yakizidi au likitokea doa jeupe, kwa sababu mti huweza kuacha fangasi jichoni. Mchubuko mdogo hupona kwa siku mbili tatu, na wangu ulipona.

Daktari ndiye aliyeniuliza kama nimesajiliwa. Wengi wetu tunadhani usajili ni wa asiyeona kabisa, na wazee wetu wanaona haya kuitwa vipofu. Madaraja yapo mawili, uoni hafifu na uoni hafifu sana, na upana wa kuona nao unapimwa. Unaweza kusoma herufi ndogo za ubaoni ukaingia daraja la pili, ikiwa unaona kama kupitia tundu la ufunguo. Bingwa wa macho anajaza cheti cha uoni hafifu, kwa kifupi cha Kiingereza CVI. Nakala moja yako, nyingine ya GP, yaani daktari wako wa kawaida, nyingine ya halmashauri, ambayo ndiyo inayosajili. Ni hiari.

Punguzo zipo: basi bure, nauli ya treni hupungua kwa theluthi moja, na kwa daraja la pili leseni ya televisheni hupungua kwa nusu na unapata kibali cha maegesho. Lakini kwangu thamani kubwa ni mkufunzi aliyekuja nyumbani. Alinifundisha fimbo nyeupe, akaweka utepe wa rangi kali kwenye ngazi. Tena alinieleza jambo ambalo sikuwahi kuambiwa kliniki: fimbo hugusa vya chini tu, kwa hiyo nivae kofia yenye ukingo mbele na miwani ya kukinga, tawi liguse kofia kabla ya jicho.

Sehemu mbovu ni halmashauri yangu. Mwongozo wa serikali unataka wawasiliane nawe ndani ya wiki mbili tangu wapokee cheti. Kwangu kimya, mpaka nikapiga simu mwenyewe, na barua yao ikaja kwa maandishi madogo. Barua ya mtu asiyeona vizuri! Kwa hiyo kabla hujatoka kliniki, mwombe daktari aandike kwenye cheti kwamba unataka maandishi makubwa, na umuulizie yule afisa anayewasaidia wagonjwa wa macho kwa mambo ya halmashauri. Hospitali nyingi wanaye.