Njia Mbili za Kusajiliwa Kuwa Mwalimu wa Kilimo Kenya
Anayesomea shahada ya elimu ya kilimo, kama ile ya Chuo Kikuu cha Egerton kule Njoro, hujifunza udongo, mifugo na mbinu za kufundisha kwa pamoja, na mazoezi ya kufundisha yamo humo humo. Mwenye shahada ya sayansi ya kilimo pekee hulazimika kuongeza stashahada ya uzamili ya ualimu ndipo Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC) imsajili, gharama ambayo hupaswa kuhesabiwa mapema.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, huyu wa pili huwa hodari zaidi shambani: jani la chini la mhindi likigeuka manjano kuanzia nchani kufuata mshipa wa kati, hutambua papo hapo kwamba naitrojeni imepungua. Kusimamia mradi wa kilimo wa wanafunzi katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, ndiko humtoa jasho.